Chupa ya Nne

Kila asubuhi ya likizo ya Aprili, kabla hajaonja chai, Aoko alikuwa na wateja wawili wa kupelekea maji. Wa kwanza alikuwa Dani, yaani nyanya yake, aliyependa kunawa uso kwa maji ya uvuguvugu. Wa pili alikuwa gari la Mama. Gari hilo lilikuwa Toyota ya zamani, lenye rangi ya maziwa yaliyochacha, na lilikuwa na kiu isiyokwisha. Aoko alifungua boneti, akazungusha kifuniko cha rejeta, akamimina maji ya kisima mpaka yakafurika. Kisha alifunga, akafuta mikono kwenye sketi, akaenda kunywa chai yake.

Kwao kulikuwa ukingoni mwa Nyalenda, mtaa mmoja wa Kisumu, na kisima kilikuwa nyuma ya nyumba. Maji yake yalikuwa na chumvi kiasi kwamba sabuni haikutoa povu, lakini kila mwenye gari mtaani aliyatia kwenye rejeta. Yalikuwa karibu, na hayakuwa na foleni kama ya bomba. Mama yake, Caren, alishona sare za shule na kuzisambaza kwa gari hilo hadi Otonglo na Kisian. Ukimwuliza kuhusu rejeta alijibu kwamba maji ni maji, kisha akaendelea kukanyaga cherehani.

Wakati huo Dani alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Alimtambua Aoko kwa sauti na kwa mwendo wa ndala zake. Akimimina chai, aliingiza ncha ya kidole kikombeni ili ajue kimejaa, na kidole hicho kilikuwa kimeungua mara nyingi. Mguu wake wa kushoto nao haukukunjika tangu alipovunjika goti, hivyo hakuweza kujibana kwenye viti vya matatu, sembuse kupanda pikipiki. Alisafiri kwa namna moja tu: akiwa ameketi upande kwenye kiti cha nyuma cha gari la Mama, mguu umenyooshwa.

Mara moja kwa mwaka madaktari wa macho walikuja kwenye hospitali moja ya misheni huko Maseno, wakapasua watu kwa siku mbili, wakaondoka. Mwaka uliotangulia Dani alichelewa kujiandikisha. Mwaka huu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Ijumaa. Muuguzi aliyempima alikuwa amesema wazi kwamba jicho la kulia bado linafaa kupasuliwa, lakini likikaa mwaka mwingine hana uhakika. Nyumba nzima iliisubiri Ijumaa hiyo.

Sasa hebu ona mambo yalivyo. Jumanne ya wiki hiyohiyo, gari lilichemka njiani likitoka Otonglo, mvuke ukatoka chini ya boneti, na Mama akarudi nyumbani akiwa amevutwa kwa kamba. Kesho yake akalipeleka kwa Mzee Satwant.

Mzee Satwant alikuwa fundi wa magari, mwenye kilemba cha kijivu na ndevu nyeupe alizozikunja vizuri ili zisiguse grisi. Alizaliwa Kisumu, baba yake naye alikuwa fundi Kisumu, na alikijua Kijaluo vya kutosha kubishana bei ya samaki sokoni na kushinda. Alifungua kifuniko cha rejeta, akachovya kidole, akakitoa kikiwa cha kahawia.

“Mama Aoko,” alisema, “hii ni rejeta au sufuria ya uji?”

Mama alicheka kwa aibu. Mzee akamweleza kwamba maji ya kisima yana chumvi, chumvi hula chuma, chuma kilicholiwa hutoa kutu, na kutu huziba vijia vyembamba vya rejeta. Maji yasipopita, injini hushikwa na homa. Dawa yake ni kuosha njia zote mpaka maji yatoke meupe, kisha kutia kulanti. Hiyo ni dawa ya rangi ya kijani ambayo huchanganywa na maji ya betri, nayo huzuia kutu na kuifanya injini isichemke haraka. Mama alimwambia kuhusu Ijumaa. Mzee Satwant aliingoja sentensi yake iishe, akamwambia amletee gari Alhamisi saa tatu, na pia amletee mtu mmoja wa kumsaidia, kwa kuwa kazi hiyo si ngumu ila ina maringo na haitaki haraka.

Mtu huyo alikuwa Aoko. Mama alikuwa na sare arobaini za kumaliza.

Mwanzoni Aoko aliipenda kazi hiyo kweli. Mzee alimwonyesha koki ndogo iliyo chini ya rejeta. Ukiifungua, maji hushuka kwenye karai. Ukishayamaliza, unafunga, unajaza maji safi ya mvua kutoka kwenye tangi la gereji, unawasha injini na kufungua hita mpaka mwisho, ili maji yazunguke kila mahali, hata kwenye mabomba ya hita. Aoko alicheka kusikia hivyo. Katika joto la Kisumu, nani amewahi kufungua hita? Mzee alisema ndiyo maana kutu hujificha huko, kwa kuwa hakuna anayekwenda kuitembelea. Baada ya dakika kumi na tano unazima, unangoja injini ipoe kabisa, ndipo unafungua koki tena. Kifuniko cha juu hakiguswi kikiwa cha moto, kwa sababu kinaweza kukutoa ngozi ya uso. Maji machafu nayo hayakumwagwa hovyo. Yaliwekwa kwenye pipa, kwa kuwa mtaro wa pale uliishia ziwani.

Kila mzunguko, Aoko alijaza chupa moja ya plastiki kwa maji yaliyotoka, akaisimamisha juu ya ukuta wa gereji. Ya kwanza ilikuwa na rangi ya uji wa wimbi. Ya pili ilifanana na chai ya maziwa. Ya tatu, iliyojazwa saa saba mchana, ilikuwa chai ya rangi.

“Tunafika,” Mzee Satwant alisema. “Nataka chupa ambayo nikiweka kidole nyuma yake nitaona kucha. Ikiwa ya nne, sawa. Ikiwa ya sita, pia sawa.”

Kisha akaja mtu na pikapu iliyovunjika springi, na Mzee akajitosa chini yake. Mzunguko wa nne alimwachia Aoko mwenyewe. Alimwambia kwamba injini ikipoa afungue koki, ajaze chupa, amletee.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Saa kumi kamili siku hiyo timu ya Aoko ya netiboli ilikuwa na fainali dhidi ya mtaa wa jirani, na Aoko alikuwa mfungaji. Alikuwa amemwambia Becky, nahodha wao, kwamba kazi ya gari itakwisha saa nane. Saa nane ilipita injini ikiwa bado ya moto. Saa tisa kasorobo alifungua koki, akainama kuangalia. Maji yalitoka yakiwa na rangi ya asali, na ndani yake punje za kutu zilikuwa zinacheza. Alijua maana yake. Mzunguko wa tano, pengine wa sita, na kila mmoja zaidi ya saa nzima.

Becky alitokea langoni akiwa tayari amevaa jezi. Alimwambia Aoko kwamba timu inapangwa, na kwamba kama hayupo basi nafasi yake itachukuliwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, akaondoka mbio.

Aoko aliiangalia chupa ya nne mkononi. Aliutazama mtungi wa maji ya mvua uliokuwa pembeni yake. Miguu ya Mzee Satwant ilikuwa imechomoza chini ya pikapu, haisogei. Basi akaimwaga chupa ndani ya karai, akaisuuza, akaijaza maji ya mtungi. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Mkono wenye grisi ulitoka chini ya pikapu, ukaipokea chupa, ukaiinua kwenye mwanga. Kidole kikapita nyuma yake.

“Safi,” Mzee Satwant alisema. “Umefanya kazi kama fundi, binti.”

Sifa hiyo ilimchoma Aoko kuliko kofi. Alisimama pale mpaka Mzee alipotoka chini ya pikapu. Mzee akanawa mikono, akamimina kulanti ya kijani na maji ya betri kwa zamu, taratibu, akitoa hewa kwenye mipira ya kupitishia maji. Kisha Aoko aliomba ruhusa akakimbia uwanjani. Alifunga mabao tisa, timu ikashinda, wenzake wakambeba, naye alikuwa anafikiria punje za kutu. Jioni alitaka kumwambia Mama. Lakini Mama alikuwa analipiga pasi gauni la Dani la kanisani huku akiimba, na Aoko akajiambia kwamba pengine kutu kidogo haina neno. Ukitaka kujidanganya, hutakosa maneno ya kukusaidia.

Ijumaa waliondoka saa kumi na mbili na nusu. Dani alikaa upande kwenye kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa, mkoba kifuani. Kabla ya kuwasha gari, Mama alimwuliza kama amemeza kidonge chake cha presha, naye akajibu kwamba amemeza, twende. Mapokezi ya hospitali yangefungwa saa nne, na mwendo wote si zaidi ya saa moja, hata kwa gari lenye umri wa kuwa na wajukuu.

Barabara ya Busia ilikuwa shwari. Mama alizungumza juu ya mambo ambayo Dani angeyaona tena: kitambaa kipya cha meza, kuku wake, sura za waimbaji kanisani. Dani alisema yeye anataka kuona chai ikijaa kikombeni bila kuingiza kidole. Aoko, aliyekaa mbele, hakusikia nusu ya hayo. Alikuwa anautazama mshale wa joto. Mpaka Kisian ulikaa katikati. Walipopita Kisian barabara ikaanza kupanda, na mshale nao ukaanza kupanda.

“Mama, mshale,” alisema.

Mama aliutupia jicho, akasema ni mwinuko tu, rejeta imeoshwa jana na fundi anayejua kazi yake, hakuna shaka. Alibadilisha gia, akakanyaga mafuta. Mshale ulipanda tena unene wa kidole.

 Aoko aliyajua mambo mawili ambayo Mama hakuyajua. Kwamba kutu iliyolegezwa jana kwa mizunguko minne ilikuwa bado humo ndani, ikitafuta pa kuziba. Na kwamba Mama angeendelea kukanyaga mafuta kwa kumwamini Mzee Satwant, na Mzee Satwant alimwamini yeye. Akinyamaza, injini ingeungua na Dani asifike. Akisema, pengine Dani asifike vilevile, na wote wajue ni kwa sababu ya nani. Alitamani mtu mwingine aseme badala yake. Hakukuwa na mtu mwingine aliyejua.

“Mama, simamisha gari,” alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. “Maji hayakuwa safi. Chupa ya nne niliijaza maji ya mtungi. Nilitaka kwenda kucheza.”

Mama aliondoa mguu kwenye mafuta. Aliwasha taa ya kushoto, akatoka barabarani, akasimama kwenye nyasi mbele ya boma moja, akazima injini. Mvuke mwembamba ulianza kutoka pembeni mwa boneti. Dani akauliza kama wamefika.

“Hatujafika, Dani,” Aoko akajibu, akaanza kulia. “Ni mimi.”

 Mama alitoa simu, akabonyeza namba ya Mzee Satwant, akaweka sauti kubwa, akampa Aoko. Alimwambia kwamba aliyejaza chupa ndiye atakayeeleza.

Aoko akaeleza. Alieleza yote, kuanzia rangi ya asali mpaka netiboli. Upande wa pili ilisikika nyundo ikigonga chuma.

“Maji ya nne yalikuwa na punje?” Mzee Satwant akauliza.

“Ndiyo, Mzee. Ndogondogo.”

“Na sasa mvuke unatoka wapi?”

“Pembeni, juu ya rejeta. Kidogo tu.”

Mzee alishusha pumzi. Alisema kwamba kama angepigiwa simu na kuambiwa tu gari limechemka, siku moja baada ya kazi yake mwenyewe, angedhani gasketi ya kichwa cha injini imekufa, na angewaambia wasiliguse mpaka livutwe, yaani siku nzima ipotee. Lakini kama ni kutu, kuna njia. Wangoje dakika arobaini bila kugusa kifuniko. Kikipoa kabisa wafungue koki, waikinge kulanti yote kwenye chombo, wala wasiimwage chini, kwa kuwa ni sumu na ina ladha tamu, kuku na mbuzi huinywa wakafa. Wasuuze mara mbili kwa maji ya mvua, wajaze, kisha wapande polepole hita ikiwa wazi mpaka mwisho, ili ivute joto kutoka kwenye injini. Mshale ukivuka nusu, wasimame.

“Nitakuja Maseno mwenyewe,” akamalizia. “Ile kazi ni yangu, na bado haijaisha.”

Mwanamke wa boma lile aliwapa maji kutoka kwenye tangi lake na beseni kuukuu, bila kuuliza maswali mengi. Zile dakika arobaini zilikuwa ndefu. Mama alizungukazunguka gari. Hatimaye alikuja kusimama kando ya Aoko na kumwambia kwamba amekasirika, tena sana, na kwamba ataendelea kukasirika mpaka jioni, lakini anashukuru hakungoja moto uwake. Aoko aliitikia kwa kichwa. Alifungua koki, na kulanti iliyokuwa ya kijani jana ikatoka ikiwa matope. Alimfukuza jogoo aliyekuja kuchungulia, akaifunika beseni, kisha akayamimina yale matope kwenye mtungi wenye kifuniko, tone kwa tone.

Saa tatu na dakika tano waliondoka. Hita ilivuma hewa ya moto usoni mwao, na hata kwa madirisha yote wazi, ilikuwa kama kusafiri ndani ya jiko. Dani alijipepea kwa kitambaa cha kichwa na kusema kwamba kama hiyo ndiyo hita, sasa anaelewa kwa nini Wajaluo hawaifungui. Mama alishindwa kujizuia, akacheka. Walisimama mara mbili, wakangoja, wakaendelea. Saa tatu na dakika hamsini na tatu wakaingia kwenye lango la hospitali. Wakoli, mlinzi wa langoni, alileta kiti cha magurudumu mbio alipoona mguu wa Dani.

Muuguzi wa mapokezi, Sista Jacinta, alipata jina la Dani kwenye orodha, akamfunga kifaa cha presha mkononi, akapampu. Alitazama namba, akapampu tena. Uso wake ukabadilika.

“Mama, presha iko juu sana. Dawa unameza?”

 Mama alikuwa amefungua kinywa kumjibia kwamba amemeza asubuhi, lakini Dani alinyoosha mkono akapapasa mpaka akampata Aoko, akamshika kifundo cha mkono.

“Sista, sikumeza leo,” Dani alisema. “Wala jana. Wala juzi. Vile vidonge vinanipeleka chooni kila saa, na kwa mguu huu kila safari ni vita. Nilimwambia binti yangu nimemeza ili asinisumbue. Nilitaka kukwambia wewe hivyohivyo. Lakini huyu mtoto amesema kweli leo asubuhi barabarani, huku analia, na mimi ni nyanya yake.”

Mama alikaa kwenye benchi kwa nguvu. Siku hiyo alikuwa amepata habari za kumtosha.

Sista Jacinta hakumgombeza Dani. Alieleza kwamba kama mtu anameza dawa kila siku na presha bado iko hivyo, daktari hathubutu kumpasua, na angemwandikia arudi nyumbani. Lakini kama dawa haikumezwa, basi sababu inajulikana. Atapewa dawa sasa, atapumzika kitandani karibu na choo, na atahamishwa mpaka mwisho wa orodha. Presha ikishuka kufikia alasiri, atapasuliwa.

Ikawa ni kungoja. Mzee Satwant alifika saa sita kwa pikapu yake, nyuma yake mitungi, karai na kulanti mpya. Wakoli alimruhusu kufanyia kazi kwenye kona ya uwanja karibu na tangi la maji ya mvua, mradi asiache uchafu. Aoko alimwendea kabla hajafungua kisanduku cha spana. Alikuwa ameyapanga maneno mengi, lakini yalipofika mdomoni yalibaki mawili tu, kwamba anaomba msamaha.

Mzee Satwant aliegemea bawa la gari.

“Sikiliza, Aoko. Mimi siwezi kuingia ndani ya rejeta nikaangalia. Daktari naye hawezi kuingia ndani ya nyanya yako. Sote tunafanya kazi kwa kile tunachoambiwa. Jana uliniambia maji ni safi, na kwa neno hilo nikawatuma watu watatu mlimani. Leo umeniambia kweli, na kwa neno hilo nimewafikisha. Maneno yote mawili ni yako. Umeelewa?”

“Nimeelewa, Mzee.”

“Basi shika koki.”

Wakaanza upya. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, Mzee Satwant hakuomba chupa. Alikuwa ameketi juu ya mtungi akila chapati aliyoifunga mkewe, mgongo umeelekea gari. Alimwuliza tu maji yakoje. Aoko aliinama akayaangalia vizuri, akasema bado. Baada ya mzunguko wa pili aliulizwa tena. Yalionekana mazuri sana, na jua lilikuwa kali, na alikuwa na njaa. Aliyakinga kwenye kiganja, akaona punje mbili. Akasema bado kidogo. Mzee aliitikia kwa kichwa, akammegea kipande cha chapati. Baada ya mzunguko wa tatu, Aoko aliona mistari ya kiganja chake chini ya maji, yote, hata ile midogo.

“Safi,” alisema.

Mzee Satwant alisimama, akachukua kulanti, akaanza kumimina. Hakugeuka kuangalia kwenye karai. Aoko aliliona hilo.

Saa kumi jioni presha ya Dani ilishuka. Saa kumi na moja kasorobo aliingizwa chumba cha upasuaji, wa mwisho kwenye orodha, na chini ya nusu saa baadaye alitoka akiwa na bandeji kwenye jicho la kulia, analalamika kwamba walimnyima chai. Alilazwa usiku huo kwenye wodi, na Mama akabaki naye. Aoko alirudi Kisumu kwenye pikapu ya Mzee Satwant.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee alimrudisha Maseno kwa sababu, alisema, alitaka kuona gari linashukaje. Wodini Sista Jacinta alikuwa anabandua bandeji. Alimsafisha Dani ukingo wa jicho kwa pamba, akamwambia afungue taratibu. Dani alifungua, akapepesa, akafumba, akafungua tena. Alikitazama kitanda cha jirani, na dirisha, na kilemba cha Mzee Satwant mlangoni. Kisha akamwangalia Aoko, tena kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mtu wake.

“Umekuwa mrefu,” alisema. “Na una uso wa mama yako alipokuwa mdogo. Hakuna aliyeniambia.”

Aoko alikaa ukingoni mwa kitanda, na Dani akamvuta karibu. Mama alikuwa upande wa pili anafuta machozi bila kujificha.

“Nyakwara,” Dani alisema, maana yake mjukuu wangu, “jana tuliondoka nyumbani waongo wawili ndani ya gari moja. Uongo wangu ulikuwa mkubwa kuliko wako, maana wewe ni mtoto na mimi nimezeeka nao. Ungenyamaza pale mlimani, na mimi ningenyamaza pale mapokezi, na leo ningekuwa nyumbani na giza langu. Mtu akikuuliza ili akusaidie, mwambie mambo yalivyo, hata kama unaona haya. Haya ilinipita kabla sijamaliza kuzungumza na Sista. Jicho hili nitakaa nalo.”

Sista Jacinta alimkabidhi Mama dawa za matone na akataja saa za kuzitia. Kisha akamtolea Dani kidonge cha presha na glasi ya maji, akamwuliza kama yuko tayari kukimeza. Dani alisema yuko tayari, mradi kwanza wamwonyeshe choo kilipo. Alikimeza mbele yao wote, akamnyooshea Aoko glasi tupu ili aione.